Neno la siri la uongo lilivyofungua milango ya seva: hesabu moja ndogo ya lugha ya C

Ilikuwa Jumamosi tarehe 9 mwezi wa 6 mwaka 2012. Sergei Golubchik, aliyekuwa akishughulikia usalama katika mradi wa MariaDB, alitangaza habari iliyowashtua mafundi wa kompyuta katika inchi nyingi. Katika seva kadhaa za MySQL na MariaDB, mtu asiyejua neno la siri aliweza kuingia kana kwamba ni mwenye nyumba. Alipaswa tu kuandika neno la siri la uongo, lolote lile, kisha kurudia na kurudia tena. Kwa wastani, mara moja katika kila mara 256, seva ilimfungulia mlango.

Golubchik alieleza kwamba majaribio kama 300 hayakuchukua hata sekunde moja. Kitu pekee ambacho mvamizi alipaswa kujua ni jina la mtumiaji. Hilo nalo halikuwa gumu, kwa sababu jina "root", la msimamizi mkuu, linapatikana karibu katika kila seva ya aina hiyo.

MySQL si programu ya watu wachache. Ilianza mwaka 1995 kwa kazi ya Michael Widenius na wenzake, na tangu mwaka 2010 iko mikononi mwa kampuni ya Oracle ya Marekani. MariaDB ni ndugu yake, iliyozaliwa kutoka katika programu hiyohiyo mwaka 2009. Zote mbili zinahifadhi majina, hesabu, barua na habari za mamilioni ya kurasa za intaneti. Anayeingia humo kama "root" anaweza kusoma kila kitu, kubadilisha kila kitu, hata kufuta kila kitu.

Kosa lenyewe lilikuwa katika mstari mmoja tu, pale ambapo programu inalinganisha vipande viwili vya kumbukumbu na kusema kama vinafanana.

Kazi ya kulinganisha

Mkaaji wa Goma, Bukavu au Bunia anapoandika namba yake ya siri kwenye simu ili atume pesa, kuna mashine mahali fulani inayopaswa kujibu swali moja: je, kilichoandikwa kinapatana na kile kinachojulikana? Swali hilo huulizwa kila mtu anapofungua barua pepe, anapoingia kwenye mtandao wa kijamii, au simu inapokagua kama programu mpya imetoka kwa mwenyewe wa kweli. Kulinganisha ni kama kazi ya mlinzi wa mlango. Mlinzi akikosea, urefu wa ukuta hausaidii kitu.

Programu nyingi za chini kabisa katika kompyuta zimeandikwa kwa lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Moyo wa mfumo wa Linux, ambao uko pia ndani ya simu za Android, umeandikwa kwa lugha hiyo. MySQL nayo imeandikwa kwa C na kwa C++, ambayo ni mtoto wa C.

Katika lugha ya C, kumbukumbu ya kompyuta ni kama mstari mrefu wa visanduku. Kila kisanduku kinaitwa baiti, na kinabeba namba moja kati ya 0 na 255. Fundi akitaka kujua kama vipande viwili vya mstari huo vinafanana, anatumia amri inayoitwa memcmp. Anaipa vitu vitatu: mahali kipande cha kwanza kinapoanzia, mahali cha pili kinapoanzia, na idadi ya baiti za kulinganisha.

Amri hiyo inapita kisanduku kwa kisanduku kutoka mwanzo. Ikikuta vyote vinafanana, inajibu 0. Ikikuta tofauti, inajibu namba nyingine: chini ya 0 ikiwa kipande cha kwanza ni kidogo, juu ya 0 ikiwa ni kikubwa. Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa mara ya kwanza, kwa sababu katika lugha ya C 0 kwa kawaida ina maana ya "hapana", lakini hapa 0 ina maana ya "ndiyo, vinafanana".

Kuna jambo jingine ambalo kanuni za lugha hiyo zinalisema wazi, lakini wengi hulisahau. Kanuni zinaahidi upande tu: jibu litakuwa chini ya 0, 0 yenyewe, au juu ya 0. Hazisemi namba hiyo itakuwa kubwa kiasi gani. Inaweza kuwa 1, inaweza kuwa 37, inaweza kuwa 70,000.

Jibu kubwa ndani ya kikopo kidogo

Katika MySQL ya wakati huo, neno la siri lenyewe halikusafiri kwenye waya. Seva ilimtumia mgeni mfululizo wa herufi za kubahatisha, tofauti kila mara. Kompyuta ya mgeni ilichanganya herufi hizo na neno la siri kwa hesabu inayoitwa SHA-1, kisha ikarudisha matokeo. Seva ilifanya hesabu za upande wake na kupata baiti 20, ambazo ilizilinganisha na baiti 20 ilizozihifadhi. Zikifanana zote, mgeni aliingia.

Mafundi walitumia memcmp kwa ulinganisho huo, na hapo hawakukosea. Kosa lilikuwa katika namna jibu lilivyobebwa. Jibu la memcmp ni namba ambayo kwa kawaida inachukua baiti 4. Lakini sehemu ile ya programu ililipokea na kulirudisha ndani ya kikopo cha baiti 1 tu, kwa sababu mafundi walifikiri ni jibu la "ndiyo" au "hapana".

Namba kubwa ikiwekwa katika baiti 1, kinachobaki ni mkia wake tu. Mfano ni kompteri ya pikipiki yenye tarakimu mbili peke yake. Motari akitembea kilomita 100, kompteri inaonyesha 00. Akitembea 200 au 300, inaonyesha 00 vilevile. Mwenye pikipiki akiiangalia, atafikiri haikutoka nyumbani.

Kikopo cha baiti 1 kinafanya hivyo kila inapofika 256. Namba 256, 512, 768 na nyingine za mfululizo huo zinageuka kuwa 0. Na 0, kama ilivyoelezwa, ina maana ya "vinafanana". Hivyo, kila mara memcmp iliposema "vina tofauti, na jibu ni 512", programu ilisikia "vinafanana". Mlango ukafunguka.

Kwa kuwa seva ilituma herufi mpya kila mara, jibu la memcmp nalo lilibadilika kila mara, hata kama mvamizi alirudia neno lilelile la uongo. Kila jaribio lilikuwa kama kurusha dadu yenye nyuso 256. Hesabu ni rahisi: kwa majaribio 300, nafasi ya kuingia walau mara moja ni karibu 69 juu ya 100. Kwa majaribio 1,000, inafika 98 juu ya 100.

Kwa nini kosa halikuonekana mapema

Swali linalokuja ni hili: namna gani mlango wa programu kubwa hivyo ulikaa wazi bila mtu kuona?

Sababu ya kwanza iko katika historia ya amri yenyewe. Kwa miaka mingi, matoleo mengi ya memcmp yalijibu kwa kutoa baiti moja katika nyingine: ikiwa ya kwanza ni 90 na ya pili ni 20, jibu ni 70. Jibu la namna hiyo haliwezi kupita 255, wala kushuka chini ya -255. Hakuna namba ya aina hiyo, isipokuwa 0 yenyewe, inayogeuka kuwa 0 ndani ya kikopo cha baiti 1. Kwa hiyo kosa lilikuwepo, lakini lilikuwa limelala.

Baadaye, mafundi wa maktaba ya C inayotumika katika Linux walitengeneza memcmp yenye mbio zaidi. Badala ya kupima baiti moja moja, iliweza kutumia nguvu mpya za prosesa na kupima baiti nyingi kwa pamoja. Majibu yake yalikuwa sahihi kulingana na kanuni, maana upande ulikuwa uleule. Lakini namba zenyewe ziliweza kuwa kubwa kuliko 255. Kosa lililolala likaamka, bila mtu yeyote kugusa mstari wa MySQL.

Ndiyo maana si seva zote zilizoathirika. Golubchik alieleza kwamba memcmp inayotoka ndani ya kompaila ya GCC ilikuwa salama, na ile ya mifumo ya BSD vilevile. Matoleo rasmi ya MySQL hayakuwa na hatari. Mtaalamu wa usalama HD Moore, wa Marekani, alikusanya matokeo ya watu waliojaribu, na akaonyesha kwamba hatari ilikuwa katika matoleo kadhaa ya Ubuntu ya biti 64, pia katika openSUSE 12.1 na Fedora. Watu wawili waliweza kuwa na MySQL ya toleo moja; mmoja analala salama, mwingine mlango wake uko wazi.

Sababu ya pili iko katika namna ya kujaribu programu. Fundi anayetaka kukagua mlango huandika neno la siri la uongo mara moja au mara mbili, anaona amekataliwa, anaridhika. Katika seva zilizoathirika, angekataliwa mara 255 juu ya 256. Kosa linaloonekana mara moja katika mara 256 linaweza kupita mbele ya macho ya watu wengi, na anayeliona anaweza kufikiri kwamba labda aliandika neno la kweli bila kujua.

Dawa yake ilikuwa fupi kuliko maelezo ya ugonjwa. Mafundi waliongeza neno moja katika mstari ule, ili jibu lolote lisilo 0 ligeuzwe kuwa 1 kabla ya kuingia katika kikopo. Marekebisho yaliingia katika MySQL 5.1.63 na 5.5.24, na katika matoleo mapya ya MariaDB.

Mlinzi anayeacha kazi katikati

Kisa cha MySQL si cha pekee. Miaka michache kabla yake, mashine ya michezo ya Wii, ambayo kampuni ya Nintendo ya Japani iliiweka sokoni mwaka 2006, iliangushwa na kosa la jamii hiyohiyo.

Wii ilipaswa kukubali programu zenye sahihi ya Nintendo peke yake. Ilifungua sahihi hiyo kwa hesabu, ikapata baiti 20, kisha ikazilinganisha na baiti 20 zilizotokana na programu yenyewe. Lakini aliyeandika sehemu hiyo hakutumia memcmp. Alitumia strncmp, amri ya kulinganisha maandishi.

Tofauti ni kubwa. Katika lugha ya C, maandishi huisha kwa baiti yenye namba 0. Kwa hiyo strncmp ikikuta 0 pande zote mbili, inafikiri maandishi yamekwisha, inasimama na kusema "yanafanana". Haiangalii kinachofuata. Lakini baiti 20 za hesabu si maandishi. Ndani yake 0 ni namba kama nyingine.

Kundi la watafiti lililojiita Team Twiizers lilieleza namna ya kupita. Sahihi iliyojaa 0 tupu, ikifunguliwa kwa hesabu ile, inatoa 0 tupu. Kilichobaki ni kubadilisha kidogo sehemu isiyo na maana ya programu mpaka baiti ya kwanza ya hesabu yake nayo iwe 0. Majaribio yanayohitajika ni kama 256 kwa wastani. Mlinzi alitazama baiti 1 juu ya 20, akafungua. Nintendo ilianza kutoa marekebisho mwaka 2008.

Mgeni anayechagua urefu wa ukaguzi

Kosa la tatu lilijulikana mwezi wa 5 mwaka 2017. Kampuni ya Intel ilitangaza udhaifu mkubwa katika AMT, kifaa kilicho ndani ya kompyuta nyingi za kazini, kinachomwezesha msimamizi kuziongoza kutoka mbali, hata zikiwa zimezimwa lakini ziko kwenye umeme. Udhaifu huo uligunduliwa na Maksim Malyutin wa kampuni ya usalama ya Embedi.

Hapa pia mashine ilikuwa ikilinganisha jibu la mgeni na jibu inalolijua. Swali lilikuwa: ilinganishe herufi ngapi? Programu ilichukua urefu wa jibu ambalo mgeni mwenyewe ameleta. Jibu halali lilipaswa kuwa na herufi 32. Mgeni akileta jibu tupu, urefu ni 0. Mashine ikalinganisha herufi 0 na herufi 0, haikukuta tofauti yoyote, ikasema "vinafanana".

Ni kama mlinzi anayemwuliza mgeni: "Nikague kurasa ngapi za pasipoti yako?" Mgeni anajibu: "Hata moja." Mlinzi anampisha. Kosa hilo lilikuwa katika matoleo ya AMT kuanzia lile la 6 hadi la 11.6, kazi ya miaka mingi.

Saa inayotoboa siri

Kuna pia kisa ambacho memcmp ilitumika vizuri, idadi ya baiti ilikuwa sahihi, jibu lilisomwa vizuri, na bado siri ikatoka. Mwaka 2007, watafiti wa mashine ya Xbox 360 ya Microsoft waligundua kwamba sehemu inayowasha mashine hiyo inalinganisha baiti 16 za ukaguzi kwa memcmp. Na memcmp, ili isipoteze muda, husimama pale inapokuta tofauti ya kwanza.

Basi, ikiwa baiti ya kwanza ni ya uongo, jibu linakuja upesi. Ikiwa ya kwanza ni ya kweli na ya pili ni ya uongo, jibu linachelewa kidogo. Aliyekuwa na chombo cha kupima muda mdogo sana aliweza kujaribu namba 256 kwa baiti ya kwanza, akachukua ile iliyochelewesha jibu, kisha akaendelea na ya pili, mpaka ya 16. Kubahatisha baiti zote 16 kwa pamoja ni kazi isiyowezekana hata kwa kompyuta zote za dunia. Kwa njia ya saa, majaribio hayapiti 4,096.

Kwa sababu hiyo, kazi za siri zina amri zake. Maktaba ya OpenSSL ina CRYPTO_memcmp, na mfumo wa OpenBSD una timingsafe_bcmp. Amri hizi hazisimami njiani. Zinapita baiti zote hadi mwisho, hata kama tofauti ilionekana katika ya kwanza, ili muda usimwambie mgeni kitu.

Maswali manne kabla ya kufungua mlango

Visa hivi vinne vina sura tofauti, lakini chimbuko lake ni moja. Fundi aliandika "linganisha", akaamini kwamba neno hilo linatosha. Halitoshi. Kila anayeandika programu, awe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au mtu wa kampuni kubwa, ana maswali manne ya kujiuliza.

La kwanza: vinavyolinganishwa ni maandishi au ni baiti tupu? Kwa hesabu za sahihi na za neno la siri, strncmp haina kazi hapo.

La pili: nani anayeamua idadi? Urefu lazima utoke upande wa mwenye nyumba. Kama mgeni ameleta kitu chenye urefu usiofaa, akataliwe kabla hata ya kulinganisha.

La tatu: jibu linawekwa wapi? Jibu la memcmp liulizwe papo hapo kama ni 0 au si 0. Lisibanwe katika kikopo kidogo, wala lisifikiriwe kuwa ni 1 au -1 kwa sababu tu kompyuta ya fundi inatoa hivyo leo. Kesho maktaba itabadilika.

La nne: je, ni siri? Kama ni siri, amri isiyosimama njiani itumike.

Kwa wanaosimamia seva, hata ndogo ya ofisi au ya shule, kuna la kuongeza. Mwaka 2012, HD Moore alieleza kwamba katika seva za MySQL zaidi ya milioni 1.7 zilizoonekana wazi kwenye intaneti, karibu nusu zilimruhusu mtu wa mahali popote duniani kufika mlangoni na kujaribu neno la siri. Seva iliyofungwa ili iongee na mashine za nyumbani peke yake ilikuwa salama mbele ya mgeni wa mbali, hata ikiwa na kosa lile ndani yake, maana mgeni hakupata nafasi ya kurusha dadu hata mara moja.

Mstari uliosababisha yote haya ulibaki katika MySQL baada ya marekebisho, ukaendelea na kazi yake. Baiti zilibaki zilezile 20. Kilichoongezeka ni swali moja mbele ya jibu: je, ni 0 ya kweli?